Utumbo wa samaki na mfuko wa mfugaji

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wanaofuga samaki, au wanaokusudia kufuga)



Ufugaji wa samaki si kazi ya pembeni tena katika nchi hii. Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za uvuvi na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo wa masharti nafuu, na habari za vizimba zimetoka katika ofisi za idara ya uvuvi zikaingia katika vyumba vya walimu na kumbi za halmashauri. Mwalimu aliyekaribia kustaafu anachimba bwawa nyuma ya nyumba. Karani na wenzake wanachanga fedha za kizimba kimoja. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo ni za mshahara au za mkopo, na mtu anayezitia majini hapana budi ajue zinakokwenda. Zinakokwenda panajulikana: zaidi ya nusu ya gharama yote ya kumkuza samaki huishia katika chakula.

Pamoja na chakula hicho sasa vimekuja vitu vingine. Ni unga katika vifuko vidogo na vimiminika katika chupa, vyenye picha ya samaki mnene na ahadi nene kuliko picha. Muuzaji husema kwamba kijiko kimoja katika kilo moja ya chakula kitazuia vifo, kitaongeza uzito na kuimarisha kinga ya mwili. Wataalamu huviita viongezeo vya chakula. Je, vinafanya kazi? Jibu la haki ni kwamba baadhi yake vinafanya kazi, kwa kiasi fulani na mahali pake. Anayetaka kujua ni vipi na ni wapi, yafaa kwanza autazame utumbo wa samaki mwenyewe.

Sato ana tumbo la ajabu. Mwaka 1973 mtaalamu D. J. W. Moriarty alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya sato wa Ziwa George, nchini Uganda. Samaki hao walikuwa wakishiba mwani wa rangi ya kijani na buluu, ambao wanyama wengi wanaula bila kufaidi kitu, maana kuta za chembe zake ni ngumu. Siri ya sato ilikuwa asidi. Tumbo lake, likiwa kazini, hutoa asidi kali inayoshuka hata chini ya 2 katika kipimo ambacho maji safi husoma 7, na asidi hiyo huzipasua kuta za mwani. Moriarty aliona pia kwamba asidi haiwi kali mara moja; huongezeka kadiri samaki anavyoendelea kula, hata chakula cha kwanza cha asubuhi kikapita bila kusagika vizuri. Wafugaji wanaomwaga chakula chote cha siku kwa mkupuo mmoja alfajiri, wapate kuwahi kazini, wangefaa kulifikiria jambo hilo kabla ya kununua chupa yoyote.

Baada ya tumbo huja utumbo, nao kwa sato ni mrefu, mara kadhaa kuliko mwili wake, mwembamba, umejikunja mizunguko mingi. Ndani yake kuna mikunjo midogo midogo inayofyonza chakula. Jambo la kukumbuka ni hili: kinachotenganisha uchafu ulio ndani ya utumbo na damu ya samaki ni ukuta wenye unene wa chembe moja tu. Juu ya ukuta huo pametandazwa ute, unaotolewa na chembe maalumu, na chini yake wamekaa askari wa damu, yaani chembe nyeupe. Ute, chembe moja, askari; ngome yote ni hiyo.

Ng'ombe hula hapa akanya pale. Samaki hana pale. Anakula, ananya na kupumua katika maji yale yale, na kila anachomeza huja na vijidudu. Vingi havina madhara, na vingine ni rafiki wa kweli. Mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba sato hahitaji kupewa vitamini B12 katika chakula, kwa sababu bakteria wa utumboni mwake humtengenezea ya kutosha. Bakteria hao hao hukalia nafasi ambayo maadui wangeikalia, hula chakula ambacho maadui wangekula, na baadhi yao hutoa asidi nyepesi ambazo chembe za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula chao.

Maadui nao wapo. Yupo bakteria aitwaye Aeromonas, ambaye hukaa katika karibu kila bwawa na kila ziwa, akingoja. Samaki akiwa na afya, hamfanyi kitu. Samaki wakirundikwa, hewa ya oksijeni ikipungua usiku, au wakichubuliwa kwa wavu wakati wa kupimwa, ute hupungua, ukuta hulegea, na yule aliyekuwa akingoja hupita. Kisha mfugaji huona vidonda vyekundu na matumbo yaliyovimba, akadhani ugonjwa umekuja jana. Yupo pia Streptococcus, anayependa maji ya joto, ambaye huwafanya sato watoke macho na kuzunguka juu ya maji kama walevi. Huyu ana ubaya wa pekee: mara nyingi huwaua samaki wakubwa waliokaribia kuuzwa, ambao wamekwisha kula fedha zote.

Sasa viongezeo huingilia wapi katika mambo haya?

Kiongezeo kilichochunguzwa kwa muda mrefu kimetokana na kitu ambacho kila mama wa maandazi anacho jikoni, nacho ni hamira. Ukuta wa chembe ya hamira umejengwa kwa sukari za namna mbili. Ya kwanza huitwa betaglukani. Samaki hana sukari ya aina hiyo mwilini mwake, ila kuvu wanayo. Kwa hiyo chembe nyeupe zinapoigusa hudhani kuvu wameingia, zikaamka na kuanza doria. Wataalamu wa Tromsø, kaskazini ya Norway, walionyesha mwaka 1990 kwamba samoni waliodungwa betaglukani ya hamira walistahimili baadhi ya magonjwa ya bakteria kuliko wenzao. Tangu hapo imehamishwa kutoka katika sindano na kutiwa katika chakula, nayo huuzwa duniani kote. Sukari ya pili, mannani, kazi yake ni ya hila. Bakteria wengi waovu hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa vikono vinavyotafuta sukari ya aina hiyo. Wakiikuta ikielea katika chakula, huishika hiyo, wakatolewa nje pamoja na mavi.

Hata hivyo askari anayeitwa kila siku bila vita mwishowe haitiki. Yapo majaribio ambamo samaki waliolishwa betaglukani mfululizo kwa muda mrefu walipoteza faida waliyoipata katika wiki za mwanzo. Ndiyo maana wafugaji wengi wa nje huitoa kwa vipindi, hasa kabla ya samaki kuhamishwa, kupimwa, au kabla ya majira ya joto kali. Kuitia kila siku tangu kifaranga hadi sokoni ni njia nzuri ya kumtajirisha muuzaji.

Kundi jingine ni bakteria rafiki wenyewe, waliokuzwa na kukaushwa, ambao huitwa probiotiki. Japani ilikwisha kuwajaribu kwa samaki wa kufugwa katika miaka ya 1980. Wanaotumika zaidi kwa sato ni jamaa ya Bacillus, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Bakteria hao hujifunika kwa ganda gumu, wakalala kama mbegu, hata joto la mashine ya kutengenezea punje za chakula haliwaui. Jamaa ya Lactobacillus, wale wanaogandisha maziwa, hawana ganda hilo. Wakitiwa kabla ya chakula kupikwa, mfugaji amenunua maiti. Hapana budi wanyunyiziwe juu ya punje zilizokwisha kupoa, na chakula kilishwe upesi. Tena wengi wao hawafanyi makao ya kudumu utumboni. Wakikoma kuletwa, huondoka. Mtu anayetupia kifuko kimoja bwawani mara moja kwa msimu amefanya tambiko tu.

Asidi nyepesi, kama ile ya fomiki na chumvi zake, huongezwa ili kulisaidia tumbo na kuwabana bakteria wabaya; huwafaa zaidi samaki wanaolishwa vyakula vya nafaka na maharage. Vitunguu saumu navyo vimejaribiwa sana kwa sato, na mara nyingi vimesaidia, ila kipimo kikizidi samaki hugoma kula. Vitamini C haina mjadala: samaki wengi hawawezi kujitengenezea, na wakiikosa uti wa mgongo hupinda na vidonda haviponi. Lakini huharibika kwa joto na kwa kukaa ghalani, na kwa sababu hiyo chakula kilichokaa miezi kadhaa chini ya bati la moto hakina tena kile kilichoandikwa juu ya mfuko.

Kuna kiongezeo kimoja ambacho hakisifiwi sana na wauzaji, ingawa kwa wafugaji wa hapa huenda ndicho chenye faida ya wazi. Fosforasi nyingi iliyomo katika pumba, mashudu na soya imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, ambacho samaki hawezi kukifungua. Fosforasi hiyo hupita ikatoka na mavi, ikarutubisha mwani katika bwawa au ziwa, na mwani ukizidi hula oksijeni ya usiku. Kimeng'enya cha fitasi hukifungua kifungo hicho tumboni. Mifupa hupata fosforasi, na maji hupata nafuu. Mtu aweza kuuliza kama maji yana uhusiano na kinga ya samaki. Kwa kiumbe ambaye maji ndiyo hewa yake, choo chake na meza yake, swali hilo hujijibu.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Viongezeo vyote vilivyotajwa hufanya kazi juu ya chakula. Havichukui nafasi ya chakula. Katika miaka ya 1990 wafugaji wa samoni huko Ulaya walitaka kupunguza unga wa samaki, ambao ni ghali, wakaongeza soya. Utumbo wa samoni ukavimba sehemu ya nyuma, mikunjo yake ikafupika, na samaki wakaanza kuhara. Wachunguzi wa Norway waliieleza hali hiyo kwa makini mwaka 1996, na baadaye kidole kikaelekezwa hasa kwa vitu vya asili vilivyomo katika soya viitwavyo saponini. Sato si mwepesi wa kudhurika kama samoni, kwa kuwa yeye ni mla majani tangu asili. Lakini soya mbichi isiyokaangwa ina vizuizi vinavyozuia kusagwa kwa protini, na mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo ni sumu ikizidi. Hakuna kifuko kinachofuta makosa hayo. Soya ipikwe kwanza.

Na liko kosa kubwa zaidi, ambalo ni la ghala. Mwaka 1960 na 1961 trauti wengi waliofugwa katika vituo vya Marekani walikutwa na saratani ya ini. Msako ulifika kwenye mashudu ya pamba yaliyoota ukungu, na katika ukungu huo sumu ambayo leo hapa nchini huitwa sumukuvu. Watanzania wanaijua kwa uchungu: mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Pamoja na hayo, desturi inaendelea ya kuyatenga mahindi yaliyooza yasiliwe na watu, kisha kuyasaga yakawe chakula cha mifugo na samaki. Sumukuvu huharibu ini, nalo ini likiharibika kinga hushuka, na samaki hufa kwa ugonjwa mwingine ambao ndio unaolaumiwa. Vipo viongezeo vya udongo maalumu vinavyoinasa sehemu ya sumu hiyo utumboni. Ni msaada, lakini si ruhusa ya kulisha uvundo.

Ndugu walimu na watumishi, hadi hapa lililo hatarini ni mfuko wa mfugaji. Liko moja ambalo hatari yake inamfikia hata asiyekula samaki.

Kwa miaka mingi kiongezeo kimoja kilichotumika sana duniani kilikuwa viuavijasumu, yaani dawa zile zile zinazotibu watu, zikitiwa kidogo kidogo katika chakula ili mnyama akue upesi. Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote tarehe 1 Januari 2006. Sababu ni kwamba bakteria wanaoonjeshwa dawa kila siku bila kuuawa hujifunza kuishi nayo, na ujuzi huo huwafundisha bakteria wengine, hata wa jamii tofauti. Majini hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa humpita samaki, au haimfikii kabisa, ikazama matopeni. Ziwa ambalo watu huchota maji ya kunywa, huoga na kunywesha ng'ombe si mahali pa kufanyia shule ya bakteria.

Tazameni nchi mbili. Mwaka 1987 Norway ilizalisha samaki wa kufugwa wapatao tani 50,000, ikatumia karibu tani 50 za viuavijasumu. Ni kilo moja ya dawa kwa kila tani ya samaki. Leo nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na kwa miaka mingi ya karibuni dawa hazikufika hata tani 1 kwa mwaka. Kilichofanya hivyo kwanza ni chanjo, kisha utaratibu wa kupumzisha maeneo ya ufugaji na kutenganisha samaki wa umri mbalimbali. Viongezeo vilikuja nyuma, kama wasaidizi. Chile, inayofuga samoni yule yule, ilitumia zaidi ya tani 500 za viuavijasumu katika kila mmoja wa miaka ya 2014 na 2015, hasa kwa ajili ya bakteria mmoja ambaye chanjo dhidi yake hazikumweza vizuri. Mwenye kusema kwamba viongezeo peke yake vitaondoa dawa mashambani aanze kwa kuieleza tofauti hiyo.

Mfugaji wa sato kando ya Ziwa Victoria hana chanjo dukani kwake. Hilo ndilo linaloyapa mambo haya uzito hapa kuliko Norway: utumbo wenye afya, maji safi na msongamano wa wastani ndiyo chanjo aliyo nayo. Tena wapo wageni wapya. Virusi vya sato vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta alama zake katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Virusi havitibiwi kwa kiuavijasumu chochote, na muuzaji anayeahidi kwamba unga wake utavizuia anasema asichokijua. Na soko nalo halisahau. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na hasara ikawaangukia hata wavuvi ambao hawakuwahi kuigusa sumu hiyo.

Basi mtu atajuaje kama kifuko alichoshikishwa kina faida? Hapa ndipo mwalimu anapomzidi mfanyabiashara, kwa maana shule nyingi zina bwawa, wanafunzi na mizani. Jaribio lenye maana halitaki maabara. Linataka vyavu au vibwawa sita vinavyolingana, vitatu vyenye kiongezeo na vitatu visivyo nacho, vilivyochaguliwa kwa kura na si kwa macho, maana bwawa la kivulini na bwawa la juani si ndugu. Vifaranga wawe wa siku moja, idadi sawa, chakula cha mfuko mmoja. Kila siku iandikwe kiasi kilicholishwa na idadi ya waliokufa. Kila wiki mbili wapimwe wachache. Bwawa moja dhidi ya jingine halithibitishi kitu, hata kama mwenye duka atasimama kando akipiga makofi.

Kisha hesabu. Chukulieni mfano, kwa tarakimu za kubuni. Mfugaji anataka kuvuna kilo 400. Chakula chake huhitaji kilo 1.8 ili kuleta kilo moja ya samaki. Atalisha kilo 720. Kiongezeo kikishusha hitaji hilo hadi kilo 1.6, atalisha kilo 640, ameokoa kilo 80. Kilo moja ikiwa shilingi 3,000, ameokoa shilingi 240,000. Lakini kiongezeo chenyewe kimeongeza shilingi 300 katika kila kilo, yaani shilingi 192,000. Faida ni shilingi 48,000. Ikiwa hitaji lilishuka hadi kilo 1.7 tu, atalisha kilo 680, ataokoa shilingi 120,000 na kulipa shilingi 204,000. Amepata hasara ya shilingi 84,000, ingawa samaki wake kweli walikuwa na afya kidogo zaidi na muuzaji hakusema uongo. Vifo vikipungua hesabu hubadilika, na kwa hiyo daftari la waliokufa lina thamani sawa na mizani.

Watumishi walio katika idara zinazohusika wanayo kazi yao pia. Kifuko kisichotaja jina la bakteria aliyemo, idadi yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na joto la kukihifadhi hakistahili kuwa dukani, na kile kinachoficha kiuavijasumu chini ya jina la vitamini kinastahili kumfikisha mwenye duka mbele ya sheria. Afisa ugani anayeulizwa juu ya unga asioujua aseme haujui, achukue sampuli, aipeleke kupimwa. Na mwalimu aliyekwisha kufanya jaribio lake la mabwawa sita, hata kama jibu lilikuwa kwamba kiongezeo hakikusaidia kitu, apeleke nakala ya daftari hilo kwa afisa uvuvi wa wilaya, likiwa na tarehe, uzito, na jina la kile kilichotiwa katika chakula.